Mwenye ukumbi ndiye mlipaji

Mwaka 1847, mtunzi Ernest Bourget na wenzake waliketi Les Ambassadeurs, mkahawa uliokuwa Champs-Élysées jijini Paris, wakanywa maji ya sukari. Bili ilipoletwa, wakakataa kulipa. Wanamuziki wa mkahawa ule walikuwa wakipiga nyimbo zao kila siku na watunzi hawapati kitu. Basi na wao watakunywa bure. Kesi ilifika mahakamani, Bourget akashinda. Mwaka 1851 ikaundwa SACEM, chama kinachowakusanyia watunzi wa Ufaransa mirabaha hadi leo.

Marekani walichelewa. Sheria yao ya 1909 ilimlinda mtunzi pale tu wimbo wake ulipopigwa hadharani kwa ajili ya faida, na wenye mahoteli wakauona mwanya: mteja analipia chakula, muziki hauna kiingilio, faida iko wapi? Mtunzi Victor Herbert aliushtaki mkahawa wa Shanley's wa New York, ambako wimbo wake "Sweethearts" uliimbwa jukwaani huku watu wakila. Akashindwa mbele ya Jaji Learned Hand, akashindwa tena kwenye rufaa. Hakukata tamaa. Januari 1917 Mahakama ya Juu ikageuza kibao. Jaji Oliver Wendell Holmes alieleza kwamba anayetaka kushiba tu anaweza kula kwingine kwa bei nafuu. Muziki ni sehemu ya kile anacholipia, na kama usingemwingizia mwenye mkahawa fedha, angeuacha. Chama cha watunzi cha ASCAP, ambacho Herbert na wenzake walikianzisha mwaka 1914, sasa kikawa na nguvu ya kudai.

Lakini kwa watu wa dansi, hukumu nzito zaidi ni ya mwaka 1929, ingawa haitajwi sana. Wenye ukumbi wa dansi wa Dreamland walijitetea kwamba bendi waliikodi tu, nayo ndiyo iliyojichagulia nyimbo. Mahakama ya rufaa ikaukataa utetezi huo. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki kabisa. Mpiga tarumbeta hupata ujira wa usiku mmoja na kuondoka. Anayehesabu viingilio na mauzo ya vinywaji ni mwenye ukumbi. Ndipo ilipopata mashiko leseni ya jumla: ukumbi unalipa ada moja, bendi inapiga wimbo wowote wa watunzi walio katika chama, bila kumtafuta kila mmoja wao.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ikachukua nafasi ya ile ya 1966, na kwa sheria hiyo ikazaliwa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Neno hakishiriki lina uzito wake hapo: mwimbaji na mpiga gitaa ambao hawakutunga wimbo nao wanatambuliwa, pamoja na mtayarishaji wa rekodi.

Leseni ikishalipwa, fedha zinatakiwa zigawanywe kwa kufuata nyimbo zilizopigwa, na hapo mtunzi wa wimbo wa zamani hupotea kirahisi. Bendi inapiga kopi za vibao vya miaka ya sabini hadi usiku wa manane, ukumbi mzima unacheza, kisha vyombo vinafungwa bila mtu kuandika kilichopigwa. Kiongozi wa bendi aiandike orodha hiyo, jina la wimbo na la mtunzi wake, na mwenye ukumbi aiwasilishe pamoja na malipo yake.