Sala na Tiba katika Nchi ya Uha

Mtu awapo mgonjwa huulizwa mengi na jamaa zake, lakini moyoni mwake huwa na maswali mawili tu: Ni nani anipendaye, na ni nini kitakachoniponya? Dini yajitahidi kujibu swali la kwanza, na uganga la pili. Katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha iliyo na Kibondo na Kasulu, majibu hayo mawili yamekuwa yakienda njia moja kwa muda mrefu. Mara yamesaidiana, mara yamegombana. Makala haya yakusudia kuifuata njia hiyo mpaka Nyarugusu, na kupima ni wakati gani sala na dawa zilifaana, na ni wakati gani moja ilidaiwa itwae mahali pa nyingine.

Kabla ya wamisionari, Waha walimtaja Mungu kwa jina la Imana, kama majirani zao wa Burundi. Kuiombea ardhi na mazao kulikuwa kazi ya wateko, makuhani wa ardhi. Wagonjwa walipelekwa kwa waganga waliojua mizizi, majani na ramli. Dua na dawa hazikutengana. Basi mgeni aliyekuja akihubiri kuwa Mungu huponya hakuleta jambo jipya. Jipya alilolileta ni kudai kwamba Mungu huyo ni upendo, na kwamba mgonjwa hana haja ya kuununua upendo huo.

Ushahidi mwema wa dai hilo upo kusini, Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1885. Mwaka 1889 alikuja pale Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger. Alitiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alikaa Karema, mganga na katekista, mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946. Mwanafunzi wa historia na azingatie jambo hili: mtu aliyepata kuuzwa kama bidhaa alitumia umri wake kuwatibu watu wasio wa kabila lake, katika nchi asiyozaliwa. Mahubiri juu ya mapenzi ya Mungu yaweza kubishiwa. Maisha ya namna hiyo ni vigumu kuyabishia.

Uha wenyewe ulipata somo la afya kwa njia kali zaidi. Tangu mwaka 1933 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha Waha kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o waenezao malale. Hesabu ya wadudu ilikuwa sahihi: mbung'o hupenda pori, na watu wakaao pamoja huweza kulifyeka. Lakini amri ilitoka juu, nayo iliwatenga watu na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Twajifunza hapa kwamba shauri la afya laweza kuwa la kweli na bado likakosa upendo. Na likikosa upendo, walengwa hulipokea kama adhabu.

Kundi jingine lilikuja na fundisho la namna nyingine. Waadventista Wasabato walianza kazi Upare mwaka 1903, na katika miaka ya 1940 hospitali yao ya Heri ikasimama katika milima ya Uha. Mzizi wa fundisho lao ulikuwa Marekani. Mwaka 1863 Ellen G. White alianza kufundisha kwamba kuutunza mwili ni sehemu ya ibada, na mwaka 1866 kanisa lake likafungua nyumba ya tiba huko Battle Creek. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji alitaja dawa nane: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi ya mwili, chakula kifaacho, maji, na kulitumaini tegemeo la Mungu. Imani haikuwekwa kando ya orodha. Imehesabiwa humo humo, pamoja na maji na jua.

Ili kulipima fundisho hilo kwa haki, yatupasa kukumbuka uganga wa zama zile. Mwaka 1863 chanzo cha kifua kikuu kilikuwa hakijagunduliwa. Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Madaktari wengi walikuwa bado wakiwapa wagonjwa zebaki na kuwaumika damu. Aliyemwambia mgonjwa afungue dirisha, anywe maji na alale mapema alimwokoa pengine na dawa kuliko na ugonjwa. Lakini shauri hilo lina mpaka. Jua haliui vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuingia katika damu. Wasabato wenyewe waliutambua mpaka huo: walinunua mahali pa Loma Linda, California, mwaka 1905, na mwaka 1909 pakawa chuo cha kufundishia madaktari. Wangaliamini kwamba sala, maji na jua vyatosha, wasingalijenga chuo hicho.

Sasa tufike Nyarugusu. Kambi hiyo ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Walikuja na Kiswahili chao na makanisa yao. Mwaka 2015 Warundi wakaongezeka kwa makumi ya maelfu; na katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kiliwakumta wakingali safarini. Maelfu waliugua, na makumi wakafa.

Ugonjwa huo wafaa sana katika hoja yetu, kwa sababu tiba yake yafanana na mashauri ya maumbile. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, nchini India, maji ya kutundika yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yaliyotiwa sukari ya glukosi, chumvi na magadi. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Maji, chumvi na sukari! Lakini maji hayo hayakuaminiwa kwa sababu ni ya asili. Yaliaminiwa kwa sababu yalipimwa, na hesabu ya waliopona ikaandikwa.

Pasipo kipimo, sala na mti huweza kugeuka hatari. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo. Bei ilikuwa shilingi 500 tu, wala hapana sababu ya kumwita mwongo. Lakini wako walioacha dawa za UKIMWI na kisukari wakikitegemea kikombe, na wengine walifia njiani. Mtu alipoendelea kuugua, lawama ilikuwa rahisi kumwangukia yeye, kwamba imani yake ni haba. Sidhani kama upo ukatili mkubwa kuliko huo: kumwongezea mgonjwa shaka ya kutopendwa na Mungu.

Maandiko ya Wakristo hayakufundisha hivyo. Katika kitabu cha Isaya, sura ya 38, mfalme Hezekia anaomba kwa machozi, naye anaahidiwa miaka 15. Kisha nabii yule yule anaagiza andazi la tini libandikwe juu ya jipu. Sala ilikubaliwa, na tini ikabandikwa. Atiman wa Karema aliishi kwa fundisho hilo, na waliojenga Loma Linda waliliafiki.

Mama wa Nyarugusu ambaye mtoto wake amepata homa usiku asiambiwe achague kati ya sala na zahanati. Na aombe njiani akienda. Upendo wa Mungu, ikiwa ni upendo, hautozi ushuru wa kukataa dawa. Nayo dawa, hata ikiwa bora, haimwambii mgonjwa kwamba yu mtu apendwaye. Kila moja ina swali lake la kujibu, na mgonjwa anastahili majibu yote mawili.