Fungate Bila Deni: Mabibi Harusi wa Mara



Msimu wa harusi ukikaribia, swali linalotufikia kuliko yote ni la fungate. Watu wamemaliza fedha kwenye ukumbi, kupamba, sare za mashoga na sinia za vyakula, kisha bwana harusi anaambiwa bado kuna safari, na safari yenyewe iwe ya kupigwa picha. Tunawajua walioanza ndoa kwa deni la hoteli ya siku nne. Mkopo huo unalipwa mwaka mzima, na mwaka wa kwanza wa ndoa, kila mwenye kuolewa anajua, una mitihani yake ya kutosha.

Leo basi tunakupelekeni mahali ambapo hapatajwi katika orodha za fungate: mkoa wa Mara, ng'ambo ya bara yote, ukingoni mwa ziwa. Bunda, Musoma na Butiama. Upo unafuu wa bei, lakini sababu yetu kubwa ni kwamba historia ya Mara, ukiisikiliza vizuri, ni historia ya mabibi harusi.

Kwanza njia, maana ni ndefu na hatutaki kumdanganya mtu. Kutoka Dar es Salaam hadi Musoma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kwa hivyo safari inaweza kukatwa: boti, treni, mkalale Dodoma, kisha basi la Singida, Shinyanga na Mwanza. Kwa ndege mtashuka Mwanza na kumalizia kwa basi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtapunguza Sala njiani, na mkifika mtaendelea kupunguza ikiwa hamkunuia kukaa siku nne kamili bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Wekeni nia yenu mapema, msije mkabishana nyumba ya wageni adhana imeshalia. Asiyeolewa bado, na anataka kuona, aende na baba yake au kaka yake. Ni safari nzuri ya familia pia.

Mkitoka Mwanza, barabara inafuata Ghuba ya Speke mpaka Lamadi, inapita karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, kisha inaingia Bunda. Kaeni dirisha la kulia. Wakati mwengine pundamilia na nyumbu huonekana hapo hapo kutoka kwenye basi, kwa nauli ile ile. Mkitaka kuingia hifadhini, Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Kinachopandisha gharama ni gari, kwa hivyo tafuteni wenzenu mchangie.

Lakini Bunda ina jambo jengine ambalo wapita njia hawaliulizi. Upande wa mashariki wa mji iko nchi ya Waikizu, na mlima wao mkubwa unaitwa Chamuriho. Wazee wa Ikizu wanapoeleza utemi wao ulivyoanza, humtaja mwanamke. Jina lake Nyakinywa. Alitoka Kanadi, upande wa Usukuma, akasafiri na wenzake mpaka huko milimani, na huko akakutana na mwindaji aitwaye Isamongo. Mwanamume alikuwa na moto. Mwanamke alikuwa na maji, yaani elimu ya mvua. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, wakakaa pamoja, na utemi ukawa wa Nyakinywa. Waliomfuatia mwanzoni walikuwa wanawake vile vile.

Sisi tunajua mvua inatoka kwa nani, na hatuendi huko kutafuta baraka za mlima. Tunaisikiliza kama historia. Jamii ya wakulima na wawindaji, ilipokaa kukumbuka asili yake, ilimkumbuka mgeni wa kike aliyekuja kwa miguu kutoka nchi nyengine akiwa na ujuzi, na haikuona aibu kumpa uongozi. Kwetu visiwani tunaye Mwana Mwema, tunaye Mwana Khadija wa Ngwachani. Hatukuwa na haja ya kushangaa, lakini tulishangaa.

Yuko mwanahistoria wa Marekani, Jan Bender Shetler, aliyeishi Mara miaka mingi na kukusanya masimulizi ya wazee. Aligundua jambo ambalo dada yeyote aliyeolewa mbali atalielewa kabla hajamaliza kulisoma. Wanaume walimweleza historia ya ukoo: nani alimzaa nani, nani alipigana na nani, mpaka uko wapi. Wanawake walipoulizwa, walisimulia mambo mengine: nani ameolewa wapi, nani alimpokea nani wakati wa njaa, njia ipi inaelekea kwa shangazi. Mwanzoni inaonekana kama si historia. Lakini Mara ni mkoa wa makabila mengi madogo yaliyobanana, Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakurya, Waikoma na wengine, na katika nchi hiyo bibi harusi ndiye aliyekuwa akivuka mpaka. Alizaliwa huku, akaolewa kule, akawa na lugha mbili na ndugu wa pande mbili. Njaa ikiingia, mume alikuwa na ukoo wake tu, lakini mke alikuwa na mlango wa kubisha hodi katika nchi nyengine. Kitabu alichokitoa mwaka 2019 kimejengwa juu ya kumbukumbu hizo za wanawake.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayotueleza kwa nini tumefanywa mataifa na makabila, sisi tuliisikia maisha yetu yote katika khutba za ndoa. Huko Bunda tuliifikiria upya.

Kutoka Bunda mtaingia Musoma. Mji umekaa juu ya ulimi wa ardhi ulioingia ziwani, na jina lenyewe husemwa limetokana na neno la wenyeji lenye maana hiyo hiyo. Popote unapoelekea, mwisho wa njia ni maji. Mtu wa kisiwani atajihisi nyumbani kwa nusu saa, mpaka aonje maji akumbuke hayana chumvi. Nyumba za wageni za kawaida, safi, zipo nyingi. Chakula ni sato na sangara, wa kukaanga au wa kuchemsha, na ugali. Samaki wa ziwani hana swali la halali, na hilo peke yake linampunguzia msafiri wa Kiislamu wasiwasi mwingi. Misikiti ipo. Jioni shukeni Mwigobero muangalie mitumbwi na dagaa. Hamtolipa kitu.

Watu wa pwani hawakuanza jana kufika huku. Miaka ya 1870 alikuwepo Ukerewe mfanyabiashara wa Kiislamu aliyeitwa Songoro, akiunda jahazi juu ya maji baridi, maili mamia kutoka baharini. (Ukerewe ipo karibu: kutoka Kisorya, wilaya ya Bunda, kuna kivuko.) Biashara za zama zile zilikuwa na pembe na watu ndani yake, na hatutaipamba. Ila kifo chake kina funzo lake. Desemba 1877 aliingia katika ugomvi na Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Kwa masimulizi ya wamishonari wenyewe, Songoro alikimbilia kwa Waingereza wawili wa kanisa la Anglikana, Smith na O'Neill, nao wakakataa kumtoa. Wote watatu waliuawa. Tunawaelezea hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Waislamu na wamishonari walikutana kwa uadui tu.

Musoma ina jambo moja zaidi, na hili linawahusu wanawake moja kwa moja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa ikatoa Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilitakiwa ikamilike kufikia mwaka 1977. Mamilioni ya watoto wa Bara, wasichana wakiwemo, waliingia darasani kwa sababu ya uamuzi ule. Lakini Azimio lilisema pia kwamba mwanafunzi hatakwenda chuo kikuu moja kwa moja: aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili, ndipo apendekezwe. Waliokaa mezani hawakufikiria msichana wa miaka ishirini hufanywa nini akikaa nyumbani miaka mitatu. Huolewa. Huzaa. Idadi ya wanawake wanaoingia chuo ikaporomoka, na mwaka 1976 ikabidi waruhusiwe kuingia bila kusubiri. Sisi tunaolewa, alhamdulillah, na tunaihimiza ndoa. Lakini bibi harusi anayesoma haya, na bado ana masomo mbele yake, ayaweke katika mazungumzo ya posa, yasiachwe kwa "tutaona".

Kutoka Musoma hadi Butiama ni kama kilomita 40, na daladala zipo. Ndiyo njia aliyoitembea Kambarage mwana wa Burito mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipopelekwa kusoma Mwisenge. Skuli ya Mwisenge bado ipo Musoma mjini.

Tunajua katika visiwa vyetu jina la Mwalimu Nyerere halisemwi kwa sauti moja. Nyumba moja utakuta picha yake akichanganya udongo Aprili 1964, nyumba ya pili hutasikia akitajwa kwa wema. Hatukwenda Butiama kumaliza mjadala huo, na hatukuumaliza. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki, na yapo Mwitongo, juu ya kilima chenye majabali makubwa. Neno hilo kwa lugha ya huko linakaribia "mahame", mahali pa kale pa wazee. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Mtaonyeshwa zawadi alizopewa na vitu vyake vya kawaida, kisha mtafika makaburini. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Mtu akifika kaburini kwa asiye wa dini yake anasimama kwa adabu, anakumbuka mauti, anaondoka. Hakuna atakayewalazimisha zaidi ya hapo.

Kilichotukalisha Butiama kuliko vyote ni habari ya Bi Maria. Maria Gabriel, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa mwalimu wa skuli ya Nyegina, karibu na Musoma. Mchumba wake alirudi kutoka Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952 na shahada yake, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida kwa Mwafrika wa Tanganyika. Watu wa Butiama walitarajia kumwona amevaa suti. Wakamwona anakanyaga udongo na kufyatua matofali, anamjengea mchumba wake nyumba kwa mikono yake. Msomi mzima, miguu mitope. Walioana Musoma, Januari 1953, na muda mfupi baadaye wakahamia Pugu alikokuwa akifundisha. Miaka miwili mbele akaiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa, mshahara ukakatika, na Dar es Salaam Bi Maria akafungua duka dogo Magomeni ili nyumba ile. Nyumba ya Magomeni nayo ni makumbusho. Mkipita Dar mnaweza kuiona kabla ya kupanda treni, na tungependa muanze na hiyo.

Hizo ndizo zama ambazo kina Bibi Titi Mohammed na wanawake wenzao wa Kiislamu wa Dar walikuwa wakipita mitaa kwa mitaa kuwaandikisha watu TANU. Mke wa Mkatoliki kutoka Mara aliwakuta hao. Aliingia mji asiouzaliwa, na waliompokea ndio majirani zake.

Tulipokuwa tunatoka Mwitongo, kivulini pembeni ya njia alikaa bi mkubwa mmoja, akituangalia na mabuibui yetu. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha hakutuuliza tunatoka wapi wala dini gani. Aliuliza kama yumo kati yetu aliyeolewa huku. Tukasema hapana. Akasikitika kidogo, akatusogezea kigoda.