Kashiwa Reysol: Klabu ya Japani iliyozoea kuanguka na kuinuka

WAKENYA wengi walilisikia jina la Kashiwa Reysol kwa mara ya kwanza Novemba 24, 2019. Jumapili hiyo, mshambulizi Michael Olunga alipachika mabao manane peke yake, klabu yake ilipoitandika Kyoto Sanga 13-1 katika mechi ya kufunga msimu wa Ligi ya Daraja la Pili nchini Japani (J2). Hadi siku hiyo, hakuna mwanasoka aliyekuwa amefunga zaidi ya mabao matano katika mchuano mmoja wa ligi ya kulipwa ya nchi hiyo.

Katika shangwe zilizofuata, wachache walijiuliza swali lililostahili kuulizwa: timu yenye makali kiasi hicho, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa taifa miaka minane tu awali, ilikuwa inatafuta nini katika daraja la pili? Jibu limo katika historia ya klabu hiyo, ambayo tangu mwaka 2005 imeteremshwa ngazi mara tatu, na mara zote tatu ikarejea ligi kuu baada ya msimu mmoja tu.

Kashiwa ni mji wa mkoa wa Chiba, kaskazini-mashariki mwa Tokyo, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji hilo kuu. Una wakazi zaidi ya 400,000, na wengi wao hupanda garimoshi alfajiri kwenda kazini Tokyo na kurudi usiku. Miji ya namna hiyo aghalabu haina jambo la kujivunia mbele ya jiji kubwa lililo jirani. Kashiwa ina timu yake ya manjano.

Hata hivyo, timu hiyo haikuzaliwa mjini humo. Ilianzishwa mwaka 1940 ikiwa timu ya wafanyakazi wa Hitachi, kampuni kubwa ya mitambo na vifaa vya umeme, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Kodaira, viungani mwa Tokyo. Enzi hizo soka ya Japani ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa mwajiriwa wa kampuni kama mwajiriwa mwingine yeyote. Kazi ilikuwa ofisini au kiwandani, na mazoezi yakaja baadaye. Mpango huo si mgeni kwa msomaji wa Kenya, ambako kampuni za bia, benki na viwanda vya sukari zimemiliki timu zilizotikisa ligi kwa miongo kadhaa.

Ligi ya kitaifa ilipoasisiwa mwaka 1965, Hitachi ilikuwa mojawapo ya timu nane za kwanza, zote za kampuni, miongoni mwazo Mitsubishi, Furukawa, Yanmar na Toyo Kogyo ya Hiroshima. Chini ya mkufunzi Hidetoki Takahashi, Hitachi ilisifika kwa mbio kuliko kwa ufundi. Vijana wake walikimbia tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, na mwaka 1972 mbio hizo ziliwapa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Mfalme, mashindano makongwe zaidi ya kandanda nchini humo. Kombe hilo walilitwaa tena mwaka 1975.

Baada ya hapo makali yakapungua. Mwaka 1986 timu ilihamishiwa Kashiwa, kwenye uwanja uliojengwa mwaka uliotangulia katika ardhi ya kampuni, ambao mashabiki huuita Hitachidai. Ni uwanja mdogo, wa watu 15,000 hivi, usio na njia ya wanariadha kuuzunguka. Mtazamaji wa safu ya mbele yuko hatua chache tu kutoka kwa mchezaji anayerusha mpira, na maneno yote humfikia, mazuri na mabaya. Timu ngeni zimelalamikia ukaribu huo mara nyingi kuliko zilivyolalamikia waamuzi.

Uhamisho huo ulisadifiana na kipindi kigumu. Hitachi ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya daraja la kwanza na la pili, na ligi ya kulipwa, J-League, ilipozinduliwa mwaka 1993 kwa klabu kumi, Kashiwa haikuwemo. Waasisi wa ligi hiyo mpya walisisitiza kwamba klabu ijulikane kwa jina la mji wake wala si la kampuni inayoigharimia. Ndipo jina la Hitachi likaondolewa, na mahali pake likaja Reysol, neno lililoundwa kwa maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya mfalme na jua. Wajuzi wa maandishi ya Kijapani walitabasamu, kwa kuwa jina Hitachi lenyewe huandikwa kwa alama ya jua. Kampuni ilitoka mlangoni ikarudi dirishani, na hadi leo ndiyo mlezi mkuu wa klabu.

Ili kubisha hodi katika ligi kuu, Kashiwa ilimsajili Careca wa Brazili mwaka 1993. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Diego Maradona kuipa Napoli ubingwa wa Italia mwaka 1990. Kufikia mwisho wa mwaka 1994 timu ilikuwa imepandishwa ngazi, na msimu wa 1995 ikaanza kusakata gozi miongoni mwa vigogo.

Miaka michache baadaye ikaja zamu ya Akira Nishino. Alikuwa amechezea Hitachi kabla ya kuwa mkufunzi, na ndiye aliyeiongoza timu ya taifa ya vijana wa Japani kuilaza Brazili 1-0 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Alishika hatamu za Kashiwa mwaka 1998. Klabu ilimpa Hristo Stoichkov wa Bulgaria, mshindi wa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1994, na baadaye beki Hong Myung-bo wa Korea Kusini. Stoichkov hakukaa sana. Hong alikaa na kuwa nguzo ya ngome. Novemba 1999 Kashiwa ilitwaa Kombe la Nabisco kwa kuishinda Kashima Antlers kwa penalti 5-4 baada ya sare ya 2-2. Nishino aliachishwa kazi mwaka 2001, uamuzi ambao klabu ilipata wasaa mrefu wa kuujutia: alikwenda Gamba Osaka akaifanya mabingwa wa Japani na hatimaye wa bara Asia, na mwaka 2018 akaiongoza Japani katika Kombe la Dunia.

Pigo kubwa lilikuja Desemba 2005. Kashiwa ilijikuta katika mechi za mchujo za kutetea nafasi yake dhidi ya Ventforet Kofu, klabu ya milimani mkoani Yamanashi iliyokuwa imenusurika kufilisika miaka michache awali. Kashiwa ilifungwa 2-1 katika mkondo wa kwanza ugenini. Katika mkondo wa pili, mbele ya mashabiki wake wa Hitachidai, Mbrazili aitwaye Baré alifunga mabao sita peke yake na Kofu ikashinda 6-2. Aliyeshuhudia siku hiyo, kisha akaona yaliyowapata Kyoto miaka 14 baadaye, ataelewa ni kwa nini baadhi ya mashabiki wakongwe wa Kashiwa hawakuicheka Kyoto.

Klabu ilirejea mwaka 2006 ikiwa ya pili nyuma ya Yokohama FC. Mwaka 2009 ikateremka tena, safari hii pamoja na jirani na hasimu wake wa mkoa huohuo, JEF United Chiba, mrithi wa ile timu ya Furukawa. Ulinganisho wa klabu hizi mbili ni funzo tosha kuhusu jinsi ya kushuka. JEF ilikaa daraja la pili kwa zaidi ya miaka 15. Kashiwa ilikaa mwaka mmoja.

Siri yake haikuwa fedha pekee. Katikati ya msimu huo mbaya wa 2009 klabu ilimwajiri Nelsinho Baptista, mkufunzi Mbrazili aliyeipa Corinthians ubingwa wa Brazili mwaka 1990. Alishindwa kuiokoa timu, lakini klabu haikumfukuza. Badala ya kusaka jina jipya, viongozi walimwachia nafasi ya kujenga upya, naye akawategemea vijana waliolelewa katika shule ya soka ya klabu: kiungo na nahodha Hidekazu Otani, beki Hiroki Sakai na mfungaji Masato Kudo. Kwao aliongezwa Mbrazili Leandro Domingues. Mwaka 2010 walitwaa ubingwa wa J2.

Msimu wa 2011 ulianza Machi 5. Siku sita baadaye tetemeko la ardhi na tsunami viliua maelfu ya watu kaskazini-mashariki mwa nchi na kuharibu mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Ligi ilisimamishwa hadi mwishoni mwa Aprili. Kashiwa iko mbali na Fukushima, kilomita zipatazo 200, lakini upepo na mvua viliangusha chembechembe za sumu ya nyuklia mjini humo kuliko katika miji mingi ya jirani. Mji uliokuwa haujulikani sana nje ya Chiba ukaanza kutajwa magazetini kwa sababu ambayo hakuna mzazi aliyetaka kuisoma. Udongo wa juu ulikwanguliwa katika viwanja vya shule na bustani za kuchezea watoto.

Katika mwaka huohuo, timu iliyotoka daraja la pili ilianza kushinda na haikuacha. Siku ya mwisho, Desemba 3, klabu tatu zilikuwa na nafasi ya kutawazwa: Kashiwa, Nagoya Grampus na Gamba Osaka, ambayo bado ilikuwa chini ya Nishino. Kashiwa ilisafiri hadi Saitama kumenyana na Urawa Reds mbele ya umati uliozidi 50,000, ikashinda 3-1. Jedwali lilifungwa Kashiwa ikiwa na pointi 72, Nagoya 71 na Gamba 70. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya J-League kwa klabu iliyopandishwa ngazi kutwaa ubingwa papo hapo. Gamba iliiga ufanisi huo mwaka 2014. Domingues alitawazwa mchezaji bora wa mwaka.

Siku chache baadaye Kashiwa iliingia Kombe la Dunia la Klabu ikiwakilisha taifa mwenyeji. Iliilaza Auckland City ya Nyuzilandi 2-0 na kuing'oa Monterrey ya Meksiko kwa penalti. Katika nusu fainali ilizimwa 3-1 na Santos ya Brazili, iliyokuwa na kijana Neymar. Sakai ndiye aliyeifungia Kashiwa bao lake, na mwaka uliofuata akaelekea Ujerumani kuchezea Hannover. Kombe la Mfalme lilifuata Januari 1, 2013 na Kombe la Nabisco Novemba mwaka huo, bao la pekee la fainali hiyo dhidi ya Urawa likitiwa kimiani na Kudo. Kudo aliaga dunia Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 32, na Hitachidai ilimlilia kama mwana wa nyumbani.

Nelsinho aliondoka mwishoni mwa 2014, na miaka minne baadaye klabu ikateremka kwa mara ya tatu. Olunga alikuwa amewasili Agosti 2018, akiwa amepitia Tusker, Thika United na Gor Mahia nyumbani, kisha Djurgården ya Uswidi, Guizhou ya Uchina na Girona ya Uhispania. Mabao yake matatu ya miezi hiyo ya kwanza hayakutosha kuizuia timu kuanguka. Angeweza kuondoka, na wengi wa hadhi yake wangeondoka. Alibaki. Nelsinho alirudishwa, na kwa mabao 27 ya Mkenya huyo Kashiwa ikatwaa tena ubingwa wa J2.

Mwaka 2020, katika ligi kuu, Olunga alifunga mabao 28 katika mechi 32. Kabla yake Mwafrika mwingine, Patrick Mboma wa Kameruni, alikuwa amewahi kuwa mfungaji bora akiwa na Gamba mwaka 1997. Lakini hakuna Mwafrika aliyekuwa ametuzwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Tuzo hiyo huenda aghalabu kwa klabu bingwa, na msimu huo Kawasaki Frontale ilitwaa taji bila kupata mpinzani wa kweli. Hata hivyo alipewa Olunga, ambaye timu yake ilimaliza nambari saba. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Levain, lililokuwa likiitwa Nabisco, ambayo iliahirishwa kutokana na maambukizi ya Covid-19 kambini mwa Kashiwa. Ilichezwa Januari 4, 2021, na FC Tokyo ikashinda 2-1. Muda mfupi baadaye alijiunga na Al-Duhail ya Qatar.

Pengo lake halikuzibika kwa urahisi. Nelsinho aliondoka tena Mei 2023. Mwaka huo na mwaka 2024 Kashiwa ilimaliza nambari 17 na kunusurika shoka kwa nafasi moja kila mara. Fainali ya Kombe la Mfalme ya Desemba 2023 ilipotea mikononi mwa Kawasaki kwa penalti 8-7, baada ya dakika 120 bila bao.

Mwaka 2025 usukani ulikabidhiwa Mhispania Ricardo Rodríguez, aliyeifundisha timu kumiliki mpira badala ya kujihami na kusubiri. Mnamo Novemba ilifika fainali ya Kombe la Levain na kulazwa 3-1 na Sanfrecce Hiroshima, mrithi wa Toyo Kogyo ya mwaka 1965. Katika ligi iliwania ubingwa hadi siku ya mwisho, ikashinda mechi yake, lakini Kashima Antlers pia ilishinda yake. Kashima ilipata pointi 76, Kashiwa 75.