Mshahara na Kapu la Sokoni: Habari za Ujira katika Mwika na Nchi ya Moshi

Wanachama wenzetu, chama kinapotimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu magunia ya kahawa yaliyokusanywa, maghala yaliyojengwa na malipo yaliyogawanywa. Hesabu hizo ni haki yake kuandikwa, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimefanya hivyo. Sisi twapenda kueleza jambo ambalo halionekani upesi katika hesabu, nalo ni habari za mshahara wa mtu aliyeajiriwa: karani, mpima kahawa, mlinzi wa ghala, dereva, na kibarua wa shambani. Kwa nini mshahara huo, tangu zamani hata leo, umekuwa ukienda nyuma ya bei za vitu kama mtu mchovu apandaye mlima nyuma ya kijana? Tukilielewa jambo hili kwa historia yake, huenda tukaamua kwa busara zaidi siku makisio ya chama yanapoletwa mbele yetu.

Yatupasa kuanza na kihamba. Mtu wa Mwika wa zamani hakuwa mtu wa kununua chakula. Migomba yake ilimpa ndizi za machalari, mtori na mbege. Ng'ombe wa ndani alimpa maziwa na samadi. Na shamba la chini, kwenye tambarare, lilimpa mahindi na maharagwe. Walowezi walipofungua mashamba makubwa ya kahawa na mkonge chini ya mlima, mshahara walioutoa haukupimwa kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Ilidhaniwa kuwa mkewe na watoto walikuwa wakila nyumbani, basi fedha ilikuwa ya kodi, chumvi na nguo tu. Katika Tanganyika nzima kibarua alipewa kipande, nacho kilitimia kwa siku 30 za kazi. Kisipotimia, hapana mshahara. Kwa hiyo tangu mwanzo mshahara mdogo ulibebwa na kihamba, wala aliyeulipa hakuona mzigo wenyewe.

Kahawa ndiyo iliyowapa watu wetu njia nyingine. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha wapanda kahawa, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wa mbele. Walowezi wengi hawakupendezwa. Walisema kwamba kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa, lakini hofu yao nyingine ilikuwa kwamba mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, KNCU ikaandikishwa mwaka 1933, ikiwa chama kikuu cha vyama vya msingi vya mlimani. Hapo likatokea jambo jipya: mkulima, aliyekuwa akikwepa kuajiriwa, akawa mwajiri. Maana ushirika hauendi bila mpima wa mizani, karani wa vitabu, na mlinzi wa ghala, na watu hao hulipwa kutoka katika kila kilo ya kahawa ya mwanachama.

Wakati ule ule, nje ya mlima, wafanyakazi walikuwa wakijifunza kudai. Vita vya Pili vya Dunia vilipandisha bei za nguo na chakula, na mishahara ikabaki nyuma. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea bara kwa njia ya reli. Wakapata nyongeza kubwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1957 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa mara ya kwanza katika Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, kuanzia Januari 1963, kima cha chini kilienezwa nchini: Sh. 150/- kwa mwezi katika Dar es Salaam, na viwango vidogo zaidi katika miji midogo na mashambani.

Nyongeza ile ya 1963 ilikuwa neema kwa walioipata, lakini haikuwafikia wote. Waajiri wengi, hasa wa mkonge, walipunguza watu na kuwapa waliobaki kazi zaidi. Tena mkulima, ambaye hana kima cha chini, aliona bei ya mazao yake ikishuka huku mshahara wa mjini ukipanda. Ndipo Serikali ilipogeuza mwendo. Mwezi Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na mishahara ya wakubwa wa Serikali. Mwaka 1967, baada ya ushauri wa mtaalamu H. A. Turner wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ikatangazwa siasa ya mishahara na bei: nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5 kwa mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyakazi asistawi kwa jasho la mkulima. Hoja hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Lakini ilitegemea sharti moja, kwamba bei za vitu nazo zikae kimya.

Katika mwaka huo huo wa 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Malalamiko ya wakulima yaliyosikika nchini yalikuwa juu ya mizani isiyo sawa, upotevu wa fedha, na watumishi wasio na ujuzi au uaminifu. Chuo cha Ushirika kilikuwa kimekwisha funguliwa Moshi mwaka 1963, kwa kuwa ilionekana kwamba vitabu haviwezi kutunzwa na mtu asiyefundishwa. Twaona hapa fundisho ambalo wengi hulipita. Mwizi ni mwizi, hata akilipwa vizuri, na hapana udhuru wa kumwibia mkulima. Lakini chama kinachompa mtu ufunguo wa ghala na mizani, kisha kikamlipa mshahara usiotosha unga wa mwezi, kimeweka mbuzi kulinda majani. Gharama ya mshahara mdogo haiandikwi katika fungu la mishahara. Huandikwa katika fungu la upotevu.

Lile sharti la bei kukaa kimya lilivunjika katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei duniani, na ukame wa miaka ile ulipunguza chakula. Mwaka 1974 kima cha chini cha mjini kiliongezwa hadi Sh. 340/-, na mwaka uliofuata hadi Sh. 380/-. Kisha kikakaa pale pale mpaka mwaka 1980, kilipofika Sh. 480/-, mwaka 1981 kikawa Sh. 600/-, na mwaka 1984 Sh. 810/-. Msomaji akitazama tarakimu hizo peke yake ataona maendeleo: kutoka 340 hadi 810 ni zaidi ya mara mbili. Lakini na apige hesabu ya upande wa pili. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei nchini zilipanda kwa zaidi ya robo kila mwaka tangu 1980 hadi 1984. Kitu cha shilingi 100, kikiongezeka robo kila mwaka, baada ya miaka mitano huwa zaidi ya shilingi 300. Yaani katika nusu ya muda ule tu bei zilipita nyongeza ya miaka kumi nzima. Tena hizo ni bei zilizoandikwa. Sabuni, sukari na mafuta ya taa mara nyingi havikuonekana dukani, na aliyevipata alivipata kwa bei ya magendo.

Ushirika wenyewe nao ulipigwa katika miaka hiyo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi ya kahawa ikapewa vijiji na mamlaka ya zao. Sheria ya 1982 ndiyo iliyorudisha vyama vikuu, na KNCU ikasimama tena mwaka 1984. Kisha, mwezi Juni 1986, thamani ya shilingi ilishushwa: dola moja ya Marekani iliyokuwa karibu Sh. 17/- ikawa Sh. 40/-.

Je, watu waliishije? Hapa kihamba kilirudi kazini. Mwalimu, mganga msaidizi na karani wa Mwika aliyekuwa na migomba aliweza kusubiri mwisho wa mwezi bila njaa. Mtoto wetu aliyeajiriwa Moshi au Dar es Salaam alipokea mkungu wa ndizi uliosafiri juu ya basi, ingawa kwa desturi yeye ndiye aliyetazamiwa kuleta fedha nyumbani. Wakina mama wa sokoni, kwa faida ndogo ya kila siku, walilipa karo ambazo mshahara wa baba haukuzifikia. Kwa hiyo tusiseme kwamba mishahara ile ilitosha kwa kuwa watu hawakufa. Haikutosha. Tofauti ililipwa na mama, kwa kapu lake, na mkulima, kwa mgomba wake.

Lakini kihamba cha leo si kile cha babu. Kimegawanywa kwa wana, na wana wamekigawanya kwa wajukuu. Pengine ni vyumba viwili na migomba kumi. Tena katika Mwika Kaskazini na Mwika Kusini wako wafanyakazi wengi wasio wenyeji: walimu, wauguzi, madereva, vibarua waliotoka mikoa mingine. Hao hupanga chumba na kununua ndizi, unga na kuni kama mtu wa mjini. Mshahara uliopangwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana kihamba nyuma ya nyumba ni mshahara uliopangwa kwa nchi isiyokuwapo tena.

Mwaka 1989 mapatano ya kahawa ya dunia yalivunjika, na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kufikia mwaka 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka mingi, na wakulima wengi wa mlimani wakang'oa mibuni, wakapanda migomba na mboga. Kwa upande wa mishahara, sheria ilianza kuweka viwango kwa kila namna ya kazi. Kwa kazi za kilimo kima cha chini kiliwekwa Sh. 100,000/- kwa mwezi tangu Julai 2013. Kilibaki hapo mpaka Januari 2023, kilipokuwa Sh. 140,000/-. Nyongeza ya asilimia 40 kwa miaka tisa na nusu haifiki asilimia 4 kwa mwaka, na katika miaka kadhaa ya kipindi hicho bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 5. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ilitangaza nyongeza nyingine kwa kazi za watu binafsi, kuanzia Januari 2026, wastani wa kima cha chini ukitoka Sh. 275,060/- hadi Sh. 358,322/-. Mwendo ni ule ule: bei hupanda kila siku, mshahara hungoja miaka kisha huruka.

Sasa twaja kwenye chama. Yuko mwanachama atakayesema, na kwa haki, kwamba kila shilingi ya mshahara hutoka katika kahawa yake, na kwamba yeye mwenyewe hana wa kumwongezea. Twamjibu kwa mfano. Tuseme chama cha msingi hukata Sh. 100/- kwa kila kilo. Kikikusanya kilo 100,000 kina Sh. 10,000,000/-, zikishuka hadi kilo 40,000 kina Sh. 4,000,000/-, na karani ni yule yule, mizani ni ile ile, usiku wa mlinzi una saa zile zile. Tena makato yaliyowekwa kwa shilingi kamili huliwa na bei za vitu sawasawa na mshahara. Basi mkulima na mtumishi wake hawanyang'anyani mkate. Wote wawili wamefungwa kwa kamba moja, nayo ni kiwango kisichotazamwa mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo matatu kwa Mkutano Mkuu. Kwanza, kila mwaka kabla ya makisio, Halmashauri iandike bei za kapu moja la sokoni Mwika: unga, ndizi, maharagwe, sukari, mafuta, sabuni, nauli ya Moshi na kodi ya chumba, na mishahara ilinganishwe na kapu hilo mbele ya wanachama wote. Pili, makato ya chama yawe sehemu ya bei ya kahawa, yasiwe shilingi zilizogandishwa. Na katika mwaka wa bei njema sehemu iwekwe akiba, ili mwaka wa bei mbaya usije ukamkuta mtumishi hana mshahara. Tatu, tuajiri watu wachache wanaotosha kazi, tuwalipe vema, kisha tuwadai vitabu safi na mizani ya haki bila huruma. Watumishi wengi wenye mshahara haba ni ghali kuliko wachache walioridhika.

Wazee wetu waliingia katika ushirika kwa kuwa walikataa kupimiwa thamani ya jasho lao na mtu mwingine, kwa mizani wasiyoiona. Itakuwa ajabu kama sisi, warithi wao, tutampimia jasho mtumishi wetu kwa mizani ambayo hata sisi hatuitazami. Makisio ya mwaka ujao yatakapoletwa, tulifungue fungu la mishahara mapema, kabla wajumbe hawajachoka na kuanza kutazama saa. Ushirika ni imara. Udumu.