Isome Nishani Ubavuni

Nishani ya Vita ya Uingereza, ile waliyopewa askari wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ina upana wa milimita 36 na uzito wa takriban wakia moja ya fedha ya 925. Baba yangu, aliyekuwa sonara Mji wa Kale, Mombasa, aliijua kwa uzito huo tu. Mtu akija nayo dukani ilipandishwa mizani, ikakatwa bei, ikaingia chunguni, ikatoka kikuku cha bi harusi. Simlaumu marehemu. Hakuna aliyepita mtaani akitafuta nishani; watu walitafuta vikuku. Reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780 zilipita njia hiyohiyo. Hata Uingereza kwenyewe, fedha ilipopanda Januari 1980 hadi karibu dola 50 kwa wakia, nishani nyingi za vita hivyo ziliyeyushwa.

Mimi nilizirithi chache zilizosalia, nikawa mkusanyaji. Nimezishika kwa miaka mingi sasa, na ninachokipenda ndani yake si uso wake. Upande mmoja kuna Mfalme George wa Tano, upande wa pili mpanda farasi aliye uchi akiikanyaga ngao ya tai wa Prussia. Zilifuliwa takriban milioni sita na nusu za fedha, sura moja zote. Izungushe taratibu chini ya lenzi, usome ukingo. Hapo utakuta namba, cheo, jina, na mwisho herufi K.A.R., yaani King's African Rifles. Jina limeandikwa jinsi karani wa Kizungu alivyolisikia, pengine jina moja tu bila la baba. Lakini ni mtu. Sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kuwakumbuka waliokufa katika vita hivyo hazina jina la hata mmoja wao. Ukingo wa nishani unalo.

Pwani yetu ilianza kuingia kwenye nishani kabla ya hapo. Mwaka 1895 Wamazrui, ukoo wa pwani, waliasi, na mwezi wa Agosti manowari za Admirali Rawson zikashusha mabaharia wakaiteka ngome ya Mbaruk bin Rashid huko Mwele, bara ya Gazi. Mbaruk aliendelea kupigana hadi 1896, kisha akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, akamalizia maisha yake Dar es Salaam. Waingereza waliopigana walipewa Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi. Nyuma yake kuna picha ya mapigano msituni, na anayeishika kwa mara ya kwanza hudhani ule ni msitu wa Mwele. Sivyo. Ni mchoro wa Edward Poynter uliobuniwa kwa vita vya Waashanti vya 1873 na 1874, ukatumika tena kwetu. Kwa vita vingine walioshiriki walipewa kibamba cha fedha cha kupachika kwenye utepe. Kwa Mwele hawakupewa. Neno Mwele na mwaka vilichongwa ukingoni, hapohapo penye jina la mtu. Ukiangalia picha peke yake utapelekwa Afrika Magharibi.

Sultani Hamad bin Thuwaini naye alitoa nishani yake mwaka 1896 kwa askari wa Zanzibar waliokuwa chini ya Lloyd Mathews. Vibamba vyake vina hati za Kiarabu: Pumwani, Jongeni, Takaungu, Mwele. Kwangu hiyo ndiyo nishani nzuri kuliko zote za pwani, kwa sababu mtu wa Takaungu aliyepita chuoni angeweza kuisoma mwenyewe.

Najua uchungu uliomo. Nishani ya Utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa 1902, ina kibamba cha Nandi 1905-06. Vita hivyo vya Wanandi ndivyo vilivyomuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, Oktoba 1905. Kibamba chake cha mwisho kimeandikwa Kenya, kwa miaka ya 1952 hadi 1956, miaka ya Mau Mau. Waliokivaa ni pamoja na vijana wa Uganda na Tanganyika waliokuja na vikosi vya K.A.R. Kuna wanaoniambia vitu hivyo vitupwe. Mimi nakataa. Kijana aliyepelekwa milima ya Aberdare akiwa na bunduki ya watu wengine ni sehemu ya habari hii, na huenda jina lake halijachongwa mahali pengine popote.

Vijana wanaoanza kukusanya huniuliza, "Mama, si heri sarafu za kumbukumbu? Huja mpya, na kisanduku na cheti." Sizidharau. Tanzania ilitoa mwaka 1974 sarafu za hifadhi ya wanyama: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye 50, na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500. Kenya ilitoa za dhahabu mwaka 1966, za shilingi 100, 250 na 500, Mzee Kenyatta alipotimiza miaka 75. Ni kazi safi ya mkono wa fundi, lakini zilitoka kiwandani zikaingia kabatini, hazikupita mkononi mwa mtu mwenye shida. Ninayoithamini kwa dhati ni ya shilingi 40 ya mwaka 2003, ya miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki. Hiyo tulipewa chenji sokoni. Nayo haitatoka nyingine ya namna yake, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 231, imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Kwa hiyo sarafu za Kenya sasa zina twiga, kifaru, simba na ndovu.

Nishani ina hatari zake sokoni. Walaghai huliparua jina la kawaida wakachonga la mtu wa vita adimu. Ukipima upana ukakuta pungufu ya milimita 36, jua ukingo umepita tupa. Vibamba navyo hulehemiwa kwenye nishani isiyo yake. Binti wa sonara huiona lehemu mpya kwa rangi yake.

Ukiikuta ya babu sandukuni, usiisugue kwa ndimu na majivu. Kila usuguaji hula herufi za ukingoni, zikiwamo za jina. Chukua penseli, nakili maandishi yote, namba kwanza, hata kama jina limekosewa. Shida ikikubana, ndipo uiuze, na karatasi hiyo ibaki nyumbani.