Kufuli za Seli na Maabara ya Kabete

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, niliwaeleza wanafunzi wangu habari za dawa zizibazo milango ya seli za saratani. Mvulana mmoja, mkaaji wa Makongeni, akainua mkono akauliza: "Mwalimu, vitu hivyo vimepata kutengenezwa hapa kwetu?" Nikamjibu upesi kwamba havijapata. Jibu lile halikuwa kweli, ingawa sikukusudia kudanganya, na insha hii ni masahihisho yake.

Kwanza tuutazame mlango wenyewe. Mkaaji wa Kaloleni au Jericho ajua kwamba nyumba yake haifunguki kwa ufunguo wa jirani. Seli nazo zina kufuli juu ya ngozi zake, ziitwazo vipokezi, na kila kipokezi hungoja ufunguo wake. Mmoja wa funguo hizo ni ule uiambiao seli ikue na kugawanyika. Uligunduliwa kwa njia isiyotazamiwa. Mmarekani Stanley Cohen alikuwa akichunguza dutu zitokazo katika tezi za mate za panya dume. Alipowadunga panya wachanga, macho yao yalifumbuka mapema, kama siku ya 7, hali panya hufumbua macho yapata siku ya 14. Mtu mwingine angalipuuza. Cohen alitafuta sababu, na mwaka 1962 akatangaza kwamba ameipata protini yenyewe. Mwaka 1986 alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Ufunguo wa kukua ni jambo jema kwa mtoto na kwa kidonda kinachopona. Lakini baadhi ya saratani huwa na kufuli hizo kwa wingi uliopita kiasi, na amri ya kukua haikomi kuingia. Basi kufuli hizo zizibwe kwa kitu gani?

Mwili huunda kingamwili, protini zenye umbo la kushika kitu kimoja tu na kuacha vingine. Tabu ni kwamba damu ya mnyama ina kingamwili za namna nyingi zilizochanganyika, na kuitenga moja ilikuwa kazi isiyowezekana. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler wa Ujerumani na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, waliunganisha seli mbili za panya: moja ya wengu, iliyojua kuunda kingamwili lakini ikifa upesi, na nyingine ya saratani, isiyojua kufa. Chotara aliyezaliwa akarithi yote mawili. Tena njia hiyo haikuwekewa hataza, hivyo maabara yoyote iliyokuwa na vifaa na watu wenye ujuzi iliweza kuifuata.

Huko California, John Mendelsohn na Gordon Sato pamoja na wenzao waliifuata. Mwaka 1983 walieleza kingamwili zilizokaa juu ya kipokezi cha Cohen na kuuzuia ufunguo usiingie. Mbili zilipata sifa, nazo zilijulikana kwa nambari tu: 225 na 528. Ile ya kwanza ilibadilishwa, sehemu ya umbo lake la panya ikawa ya binadamu, na mwaka 2004 ikaruhusiwa Marekani kuwa dawa ya saratani ya utumbo mpana, kwa jina la cetuximab. Nambari 528 ilibaki chombo cha watafiti.

Sasa turudi Nairobi, upande wa pili wa mji. Huko Kabete ilianzishwa mwaka 1973 maabara ya kimataifa ya utafiti wa maradhi ya mifugo, iliyoitwa ILRAD. Adui wake mmoja alikuwa ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe. Kijidudu chake huingia ndani ya seli nyeupe ya damu ya ng'ombe na kuifanya igawanyike bila kikomo, mfano wa saratani hasa, hata mnyama akafa katika muda wa wiki chache. Mwaka 1980 Margaret Pinder na R. S. Hewett, watafiti wa Kabete, walitangaza kingamwili zilizoundwa kwa njia ya Cambridge, za kutofautisha aina za kijidudu hicho. Mwaka 1984 Anthony Musoke, Vinand Nantulya na wenzao walieleza kingamwili zilizokinasa kabla hakijaingia katika seli.

Kazi hizo mbili hazikuwa sawa kabisa, nami nisingependa msomaji achanganye. California waliziba tundu la kufuli; Kabete walimfunga mwizi mikono kabla hajafika mlangoni. Wala kazi ya Kabete haikuzaa dawa ya kuuzwa. Iliwaonyesha watafiti protini ya kijidudu iliyofaa kujaribiwa kuwa chanjo, lakini chanjo itumiwayo na wafugaji imebaki ile ya zamani iliyokamilishwa Muguga: ng'ombe huambukizwa kwa makusudi na kutibiwa papo hapo. ILRAD yenyewe iliunganishwa mwaka 1994 na kituo kingine, ikawa ILRI, nayo iko Kabete hadi leo. Kutoka Makongeni ni safari ya matatu mbili.

Yule mvulana alikuwa amekwisha kumaliza shule nilipoyajua haya. Wanafunzi waliomfuata niliwaandikia ubaoni miaka miwili, 1975 na 1980, bila neno jingine, nao wakaanza kutoa hesabu.