Soksi za Nailoni na Viatu vya Wazi

Mabibi wa Marekani na Uingereza walifundishwa kwamba kuvaa gauni pasipo soksi ndefu ni kukosa staha. Walakini vita viliifunua siri ya desturi hiyo. Soksi za nailoni zilianza kuuzwa kote Marekani tarehe 15 Mei 1940. Kufika mwaka wa 1942 nailoni ilikwisha kuchukuliwa kwa kazi za vita, hasa miavuli ya kurukia kutoka ndegeni, na soksi zikaadimika. Basi mabibi wakajipaka rangi miguuni, na wengine wakachora mstari nyuma ya mguu mfano wa mshono. Miguu ilikuwa wazi, na hakuna aliyevunjiwa heshima! Kumbe kilichotakiwa ni dalili ya soksi tu.

Mwaka wa 1959 kiwanda cha Glen Raven, huko North Carolina, kilitoa soksi zilizoungana na chupi, nazo zikafaana sana na sketi fupi za miaka ya 1960. Tangu miaka ya 1990 wengi wameziacha. Aliyelaumiwa ujanani kwa kukosa soksi sasa huchekwa akizivaa na viatu vya wazi. Kwa upande wa uzuri, wachekao wana haki, maana mshono hutokeza vidoleni. Kwa upande wa staha hawana hoja, wala waliomlaumu zamani hawakuwa nayo.